Karatasi ya Mwenye Nyumba



Wenzangu wa Kariakoo, niliombwa nizungumze juu ya biashara ya China. Nikaomba radhi, kwa sababu biashara hiyo wengi mliomo humu ndani mnaijua kuliko mimi. Nitazungumza juu ya karatasi moja tu, ile yenye muhuri mwekundu wa polisi inayosema kwamba fulani, mwenye pasipoti namba fulani, analala nyumba fulani, chumba fulani. Nimeona watu wakikosa mizigo ya mamilioni kwa sababu ya karatasi hiyo, na kuipata ni bure.

Kwanza niwaulize: mnaishi wapi? Mzee aliyekaa pale mbele ataniambia, Magomeni, ukishuka kituo cha Mwembechai vuka barabara, muulize mama anayekaanga samaki, atakuonyesha nyumba yenye geti la bluu. Hiyo ni anwani kamili. Mtu atafika, tena atafika na habari za mgonjwa na za harusi njiani. Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti 23, serikali ilipita na Operesheni ya Anwani za Makazi, mitaa ikawekewa vibao na nyumba zikapewa namba. Ni kazi kubwa na ya maana. Lakini hata leo mtajie dereva wa bodaboda namba ya nyumba, atakuuliza: "Karibu na wapi?"

Sisi mtu anajulikana kwa majirani zake. Tunasafiri na tabia hiyo. Tukifika Guangzhou tunauliza Waswahili wako wapi, tunaambiwa Xiaobei, tunakwenda Xiaobei, tunapata wali na maharage na mtu wa kututania, na tangu hapo tunajihesabu kuwa tumeshafika na tunajulikana. Kumbe kwa dola ya China bado hatujalala mahali popote.

Mimi yalinikuta mwaka 2014. Nilikwenda kwa viza ya utalii, ile yenye herufi L, siku 30. Nisiwafiche, sikwenda kutalii; nilikwenda kutafuta masufuria, na siku hizo wengi tulifanya hivyo ingawa viza ya biashara, yenye herufi M, ilikuwa tayari imeshaanzishwa. Siku tatu za mwanzo nililala hotelini. Bei ikanishinda, nikahamia kwa ndugu mmoja wa Lubumbashi aliyekuwa na nyumba ya vyumba vitatu ghorofa ya kumi na kitu. Tulielewana kwa Kiswahili, chake cha Katanga na changu cha Temeke, tukacheka sana kila mmoja akimsahihisha mwenzake. Nikampa kodi yake taslimu, akanipa ufunguo. Stakabadhi hakuna, mkataba hakuna. Kwa nini tuandikiane wakati tumeshakula sahani moja?

Kiwanda kikachelewa. Nikaona siku zinaisha na masufuria bado hayajapigwa rangi. Nikaambiwa usihangaike, siku zinaongezwa, nenda idara ya polisi inayoshughulika na wageni, jaza fomu, acha pasipoti, lipa ada. Nikaenda zikiwa zimebaki siku nne. Dada wa dirishani alikuwa mpole. Akapokea fomu, akapokea picha, akanyoosha mkono anataka na ile karatasi ya makazi. Nikampa kadi ya hoteli. Akabofya kompyuta yake, akanigeuzia kioo. Kwenye kumbukumbu zao nilikuwa mtu aliyetoka hotelini siku ya nne, saa tano asubuhi, kisha akapotea. Majuma matatu nilikuwa sipo.

Akaniambia niende kituo kidogo cha polisi cha mtaa ninaoishi, wao hukiita paichusuo, nikajiandikishe, kisha nirudi. Nikaenda. Kule wakataka vitu vitatu: mkataba wa pango, nakala ya kitambulisho cha mwenye nyumba, na nakala ya hati ya nyumba. Nikamrudia ndugu yangu wa Lubumbashi. Hapo ndipo nilipojua kwamba hata yeye hakuwa amepanga kwa mwenye nyumba. Alipanga kwa dalali wa Kichina, na dalali ndiye aliyepanga kwa mwenyewe. Tukampigia dalali, dalali akampigia mama mwenye nyumba, na mama akashangaa kusikia kwamba nyumbani kwake kuna watu wanne wa mataifa mawili. Akasema hatoi nakala yoyote, na akataka nyumba yake ifikapo mwisho wa mwezi.

Sasa niwaeleze sheria yenyewe, kwa sababu wengi tunaisikia kwa wenzetu na kila mmoja anaipunguza au kuizidisha.

Sheria inayotawala kuingia na kutoka kwa wageni China ilipitishwa Juni 30, 2012 na ikaanza kutumika Julai 1, 2013. Iliondoa ile ya zamani ya 1985. Kifungu cha 39 kina sehemu mbili. Ukilala hoteli, kazi ya kukuandikisha ni ya hoteli. Ndiyo maana mezani huchukua pasipoti yako na kuiskani kabla ya kukupa ufunguo. Ukilala mahali pengine popote, iwe nyumba ya kupanga, kwa rafiki, kwa mkwe, kwa mwanafunzi mwenzako, basi ndani ya saa 24 tangu uingie humo, wewe au aliyekupokea mnatakiwa mwende polisi mkaandikishe. Zamani, kwa kanuni za 1986, aliyelala shamba alipewa saa 72. Siku hizi mjini na shamba ni mamoja, saa 24.

Usipofanya hivyo, kifungu cha 76 kinasema utapewa onyo na unaweza kutozwa faini isiyozidi yuan 2,000. Wengi wakisikia kiasi hicho hucheka, husema mbona ni bei ya simu ya kawaida. Nami nilicheka. Uzito wa jambo hauko kwenye faini. Uko kwenye kifungu cha 29, kinachohusu kuongeza siku. Kinasema ombi lipelekwe siku saba kabla ya siku zako kwisha, kwa polisi wa mahali unapokaa, na kwamba siku zitakazoongezwa zote kwa jumla haziwezi kuzidi zile ulizopewa mwanzo. Mwenye 30 anaweza kuongezewa mpaka 30, akiwa na sababu na wakiikubali. Sasa sikilizeni maneno haya: polisi wa mahali unapokaa. Kama hukai mahali popote, utaomba kwa polisi wa wapi? Dada yule dirishani hakunikatalia. Hakuwa na mahali pa kuniweka.

Na siku zikikupita, mambo hubadilika. Kifungu cha 78 kinaanza na onyo, lakini kosa likihesabiwa kuwa zito ni yuan 500 kwa kila siku iliyozidi mpaka yuan 10,000, au mahabusu siku 5 mpaka 15. Anayerudishwa kwao kwa nguvu anaweza kuzuiwa kuingia China kwa mwaka mmoja hadi mitano. Kwa mtu ambaye duka lake linategemea kontena nne kwa mwaka, huko ni kufungiwa duka.

Kwa hiyo kosa dogo la anwani hukuzuia kuongeza siku, na kukosa siku hukutia kwenye kosa kubwa. Hii ndiyo njia wengi waliyopitia.

Turudi kwa mama mwenye nyumba. Miaka mingi nilimlaumu. Nilimwona mbaguzi, na pengine alikuwa. Wapo wengi wanaokataa Mwafrika kwa kumtazama tu ngozi, na sitasimama hapa niwatetee. Lakini nilipoisoma sheria vizuri nikaona kwamba naye alikuwa na lake la kuogopa. Kifungu cha 79 kinamhusu yeye: anayempa mahali pa kukaa mgeni anayeishi nchini kinyume cha sheria hutozwa yuan 2,000 hadi 10,000, na jambo likiwa zito huwekwa mahabusu siku 5 hadi 15 pamoja na faini ya yuan 5,000 hadi 20,000. Tazameni basi. Mimi nisipojiandikisha, faini yangu haizidi 2,000. Yeye akimweka mgeni ambaye siku zake zimekwisha, hata kama hajawahi kumwona sura, faini yake inaanzia pale yangu inapoishia. Ongezeni na kodi. Pango linaloandikishwa polisi linaonekana, na pango linaloonekana linaweza kudaiwa kodi. Nani kati yetu humu, mwenye vyumba vyake vya uani kule Mbagala, anapenda serikali ijue ana wapangaji wangapi na wanampa shilingi ngapi?

Naona mnatazamana. Tuendelee.

Nimewahi kusikia watu wakisema mambo haya wamewekewa Waafrika. Kusumbuliwa kwa Waafrika nitakuja kukusema, maana kupo. Ila mzizi wa karatasi hii ni wa zamani, na aliyeteswa nao kwanza ni Mchina mwenyewe. Januari 9, 1958 serikali ya China ilitoa kanuni za uandikishaji wa kaya, mfumo wanaouita hukou. Kila mtu ameandikwa kwao. Aliyekwenda kukaa katika mji usio wake zaidi ya siku tatu alitakiwa aandikishwe na mwenye nyumba au ajiandikishe mwenyewe. Mkulima wa Hunan aliyekwenda Guangzhou kushona viatu alikuwa mgeni huko karibu kama mimi. Alitakiwa awe na kibali cha kukaa kwa muda, na asipokuwa nacho aliweza kukamatwa, kufungiwa na kurudishwa kwao.

Machi 2003, mjini Guangzhou, kijana aliyeitwa Sun Zhigang alitoka jioni kwenda kwenye duka la intaneti. Alikuwa na umri wa miaka 27, mbunifu wa michoro, mwenyeji wa jimbo la Hubei, msomi wa chuo. Hakuwa na kibali cha kukaa wala hakubeba kitambulisho. Askari wakamchukua. Siku tatu baadaye, Machi 20, alikuwa amekufa kwa kipigo akiwa kizuizini. Gazeti la Nanfang Dushi Bao la mjini humo likaichapisha habari yake mwezi Aprili, nchi nzima ikaungua kwa hasira, wanasheria wakaandika kutaka kanuni zilizoruhusu kukamatwa huko zipitiwe upya, na Juni mwaka huohuo serikali ya Waziri Mkuu Wen Jiabao ikaufuta mfumo wa kukamata na kurudisha watu kwao. Uandikishaji wenyewe haukufutwa. Hadi leo upo, wa Mchina na wa mgeni, kila mmoja na fomu yake.

Nawahadithia hili kwa sababu nilipokuwa nasimama kwenye foleni ya kile kituo cha mtaa nikinung'unika kwamba ninaonewa, mbele yangu na nyuma yangu walikuwa Wachina kutoka mikoani, na wao wameshika makaratasi ya pango mkononi.

Na sisi? Tusijifanye wageni wa jambo hili. Tangu miaka ya 1960, enzi za TANU, kila nyumba kumi zilikuwa na balozi wake, na mgeni akilala kwako usiku ilikuwa ni adabu, na wakati mwingine ni amri, balozi ajue kabla hakujapambazuka. Wenzetu wa Kenya nao wamelirudisha jina la Nyumba Kumi tangu 2013 kwa ajili ya ulinzi wa mitaa. Wazee wao waliuonja ubaya wa jambo hili kabla ya hapo: kwa sheria ya 1915, iliyoanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Na leo hapa Dar es Salaam nenda kafungue akaunti benki, nenda kamdhamini ndugu yako polisi, nenda kaombe pasipoti. Utaambiwa lete barua ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa ataandika kwamba anakufahamu, hata kama ndiyo kwanza anakuona.

Tofauti iko hapo. Barua ya kwetu inaandikwa na jirani aliyepewa muhuri. Karatasi ya kule inaandikwa na polisi, lakini haiandikiki mpaka mwenye nyumba akubali. Mwenyekiti wa mtaa unaweza kumbembeleza, unaweza kupata mtu anayemjua. Mwenye nyumba wa Guangzhou yupo upande wa pili wa mji, hujui lugha yake, na kati yenu kuna dalali anayekula pande zote mbili.

Ndiyo maana mtu akiniuliza siku hizi atafute nyumba ya namna gani huko, simtajii mtaa wala bei. Namwambia atafute mwenye nyumba atakayekwenda naye polisi. Umuulize kabla hujatoa amana, maana ukishalipa ile miezi miwili ya amana na mmoja wa kodi, huna nguvu tena. Umuulize kwa mdomo wa mkalimani asiye dalali wake. Akisema "hakuna shida, watu wote wanakaa tu," basi shida ipo. Akisema "njoo kesho asubuhi na pasipoti, tutaenda pamoja," hata kama chumba chake kina fangasi ukutani, lipa. Mimi nimewahi kukaa chumba cha namna hiyo miezi miwili, nikikohoa, na nikaongeza siku bila mtu kuniuliza swali la pili.

Kwa wale wenye kupanga kwa pamoja, watano watano, jina moja kwenye mkataba halitoshi. Kila pasipoti huandikishwa peke yake. Na ukihama nyumba, hata kama umehama ghorofa ya tatu kwenda ya tano, unaanza upya. Ukivuka kwenda Hong Kong na kurudi, kama wafanyavyo wenye viza za kuingia mara nyingi, usitegemee karatasi ya zamani. Nenda ukaandikishe tena, maana umeingia upya nchini na saa zako 24 zimeanza upya. Hili limewanasa hata wakongwe.

Hoteli ni rahisi zaidi, lakini nayo ina mitego yake. Kuandikishwa hotelini hakukupi karatasi mkononi. Omba wakuchapie, wengi hukupa ukiomba kwa upole. Zipo nyumba za wageni ndogo ambazo kwa miaka mingi ziliwakataa wageni wa nje zikisema hazina ruhusa, na ukweli ni kwamba wahudumu walikuwa hawajui kuingiza pasipoti kwenye mfumo. Mwaka 2024 serikali ya China ilizikataza hoteli kumkataa mgeni kwa kisingizio hicho. Agizo la Beijing na meza ya mapokezi ya uchochoroni ni vitu viwili, lakini angalau sasa una la kusema. Na miji kama Shanghai na Shenzhen inamruhusu mtu ajiandikishe kwa simu bila kwenda kituoni. Ila hata kwa simu utaulizwa anwani kamili ya nyumba, na nyumba ni ya mtu.

Neno moja juu ya viza yenyewe, kwa vile makosa mengi huanza kwenye kuisoma. Viza ya China ina tarehe ya mwisho ya kuingia, ina idadi ya kuingia, na ina siku za kukaa kila unapoingia. Nimemwona mtu mzima, mwenye maduka matatu, anahesabu ile tarehe ya mwisho ya kuingia kuwa ndiyo siku yake ya kuondoka. Alizidisha siku 19. Usitazame tarehe, tazama ile namba ya siku, kisha hesabu nyuma siku saba, na siku hiyo ndiyo uiandike ukutani. Ukishakabidhi pasipoti utapewa stakabadhi; itunze kama pasipoti, kwa sababu kisheria ndiyo inayokuruhusu kuwepo nchini wakati ombi linaangaliwa. Sheria hiyohiyo inamtaka kila mgeni aliyetimiza miaka 16 atembee na hati zake, na mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli hukaguliwa mara kwa mara.

Hapo kwenye ukaguzi sipiti haraka. Julai 2009, Waafrika zaidi ya mia moja, wengi wao Wanigeria, walikizingira kituo cha polisi Guangzhou baada ya mwenzao kuumia vibaya akiruka dirishani kukimbia ukaguzi wa pasipoti. Mtu haruki ghorofani kwa sababu ya fomu. Huruka kwa sababu ya kinachofuata fomu ikikosekana. Na Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi mjini humo walitolewa kwenye nyumba na hoteli usiku, wakalala barabarani. Wengi wao walikuwa na viza, walikuwa wamelipa kodi, wameandikishwa. Mabalozi wa Afrika walioko Beijing wakaiandikia serikali ya China kulalamika. Kwa hiyo nisije nikaeleweka kwamba karatasi ni ngao. Siku ile haikuwa ngao. Kwa waliotolewa, anwani iliyokuwa kwenye mfumo ilikuwa ndiyo iliyowaonyesha walipo. Hilo nalo ni kweli, na mtu mwaminifu lazima aliseme. Hata hivyo, mlalamikaji aliyekuwa na karatasi yake na mkataba wake alikuwa na kitu cha kuweka juu ya meza ya ubalozi. Asiyekuwa nayo alilalamika nini? Kwamba ametolewa mahali ambapo hajawahi kukaa?

Mtataka kujua yangu yaliishaje. Usiku ule mama mwenye nyumba alipokataa, nilibeba begi, nikarudi hotelini, nikaandikishwa mapokezi. Asubuhi nikachapiwa karatasi, nikarudi kwa yule dada. Akaniandikisha maelezo marefu ya majuma matatu niliyopotea, nikatia sahihi na dole gumba, nikapewa onyo la maandishi. Niliomba siku 30, nikapewa 10. Nyingi ya hizo nilizimaliza hotelini nikisubiri pasipoti, na kontena likapakiwa bila mimi kusimama ghalani. Masufuria yalipofika Dar es Salaam, vifuniko katoni 40 vilikuwa vimebaki Guangzhou. Wapo humu walionunua sufuria zile kwangu kwa bei ya kutupa, nawaona wanacheka, na mpaka leo wanafunikia sinia.

Basi wenye maswali waulize, mwenyekiti ataelekeza. Maonesho makubwa ya Guangzhou hufunguliwa Aprili na Oktoba kila mwaka, na najua wapo mliokwisha kata tiketi. Andikeni namba hii kwenye simu zenu: 12367. Ni ya idara ya uhamiaji ya China, inapokelewa saa 24, kwa Kichina na Kiingereza. Kiswahili bado hawajakiweka. Na yeyote atakayepanga nyumba huko anione pale mlangoni kabla hajatuma amana, aje na mkataba wake na namba ya simu ya mwenye nyumba, siyo ya dalali.